Usimwandike Elisaria

Old Moshi, Jumanne jioni

Haika mwanangu,

Shangazi yako Anasia ametangaza leo mchana, mbele ya wote waliokuja kukuaga, kwamba Elisaria ndiye atakayekupokea Bombay na kukufikisha chuoni Pune. Alisema pia kwamba amekwisha kuandika jina lake kwenye fomu yako, kwa penseli, na wewe utalipitishia wino ukifika. Watu walipiga makofi. Mama yako akasema, "Afadhali mtu wa kwetu." Wewe ulinitazama. Mimi nilikuwa nakata nyama, nikaendelea kukata.

Baada ya wageni kuondoka niliitoa fomu hiyo kwenye bahasha yako na kuisoma yote. Mstari wenyewe uko ukurasa wa pili, chini. Unauliza jina la ndugu au mlezi aliyeko India, ambaye chuo kitamwarifu ukiugua, na ambaye ataweza kutoa idhini ya matibabu pale ambapo wewe mwenyewe huwezi kusema. Usimwandike Elisaria. Sababu nimekaa nazo tangu kabla hujazaliwa, na hakuna mtu niliyempa zikiwa kamili, hata mama yako. Ndiyo maana naandika badala ya kukuita tukae. Nikisema kwa mdomo nitaishia njiani, kama nilivyokwisha kufanya mara mbili.

Habari za nguo, vyakula, sala na masomo sitaziandika. Mama yako amezimaliza, na alichosahau yeye shangazi yako amekikumbuka.

Unajua kwamba niliishi Pune zaidi ya mwaka mmoja, nikisomea uandishi wa habari. Picha yangu ya suruali pana mbele ya hosteli umeicheka tangu utoto. Unajua pia kwamba nilipasuliwa kidole tumbo huko, na kovu umeliona. Ilikuwa miaka ile maduka yetu yalipoanza kupata sabuni tena, na mtu kutoka huku mlimani kwenda kusoma ng'ambo lilikuwa jambo la kutangazwa kanisani. Elisaria alikuwa amenitangulia miaka mitatu, anasoma biashara. Kihamba chao cha migomba na chetu vinatenganishwa na mstari wa mimea ya masale tu, kama unavyoona mpaka leo. Nilipofika stesheni ya Pune yeye ndiye aliyenipokea, akanisalimu kwa Kichagga mbele ya umati ule, na mimi nikajiona nimefika nyumbani.

Maumivu yalianza polepole, upande wa kulia. Nilikuwa na siku nne nzima za kuchagua hospitali, nikiwa bado natembea. Kumbuka hilo, kwa sababu watu wengi husema hawakuwa na nafasi. Mimi nilikuwa nayo.

Mama mlezi wa hosteli yetu, mwanamke mkali aliyevaa miwani ya kamba, alinitajia hospitali kubwa ng'ambo ya mto. Alisema daktari wa upasuaji hulala humo humo, na manesi wanazungumza Kiingereza kwa sababu wamezoea wanafunzi wa kigeni. Elisaria alicheka nilipomwambia.

"Kule utakuwa namba ya kitanda," alisema. "Njoo hapa karibu na kwangu. Daktari ananijua, mimi namwita mjomba."

"Anapasua?"

"Anaita mtu wa kupasua. Wewe shida yako nini? Utakuwa na mtu wa kwenu pembeni. Nitakupikia mtori."

"Mtori huku? Ndizi zake utazitoa wapi?"

"Wewe ugua tu, bwana. Mengine niachie."

Nilicheka, na nikamwachia. Haika, wakati huo nilikuwa nimekwisha kufanya kazi ya gazeti miaka mitano. Kwa habari ya mizani ya kahawa iliyoharibika nilikuwa napanda hadi Marangu kuuliza wakulima watatu kabla ya kuandika sentensi moja. Kwa tumbo langu mwenyewe niliuliza watu wawili, nikamtupa yule aliyekuwa na maelezo, nikamfuata yule aliyekuwa na lugha yangu. Hata kwenda kuitazama ile hospitali kubwa sikwenda. Ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu.

Hospitali niliyoichagua ilikuwa nyumba ya ghorofa mbili, juu ya duka la dawa. Karani wa mapokezi aliuliza Elisaria ni nani wangu. Alijibu, "Kaka." Nilitikisa kichwa kukubali. Kwetu jirani wa kihamba ni ndugu, na sikuona kwamba nimedanganya mtu. Karani aliandika, akageuza karatasi, na Elisaria akaweka sahihi yake. Kuanzia dakika ile daktari hakuzungumza na mimi tena. Alizungumza na kaka yangu, kwa Kihindi, nami nikawa natazama midomo yao.

Vyumba vilikuwa vya aina tatu: wodi ya vitanda kumi na viwili, chumba cha vitanda viwili, na chumba cha mtu mmoja. Niliomba wodi, na si kwa sababu ya bei. Unajua jinsi watu wa hapa tunavyoelewa mambo haya. Babu yako mkubwa alipokuwa amelazwa mjini, siku walipomhamisha kutoka wodini na kumweka chumba cha pembeni, wazee walirudi nyumbani wakaanza kuulizana nani ana mbao. Kwetu mgonjwa huwekwa katikati ya watu. Akiwekwa peke yake, kuna jambo.

Usiku wa kwanza na wa pili nilikuwa wodini. Nilipasuliwa siku ya pili. Kwenye kitanda cha jirani alikuwa mzee aliyeitwa Bwana Joshi, karani mstaafu wa reli, mwenye kidonda cha mguu kisichopona. Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Mkewe alikaa sakafuni kati ya vitanda vyetu akimenya machungwa, na kila daktari alipopita na kusema neno, Bwana Joshi alinitafsiria bila kuombwa. "Anasema homa imeshuka." "Anasema usinywe maji bado, na mimi nasema umsikilize, yule wa kitanda cha tano hakumsikiliza." Nilikuwa na mshono tumboni na sikuruhusiwa kucheka. Ilikuwa tabu.

Siku ya tatu asubuhi nilihamishwa. Elisaria alisimama mlangoni na kitanda cha magurudumu, anatabasamu.

"Nimekupatia chumba cha wawili," alisema. "Kina feni na bafu."

"Nilisema nataka wodi."

"Wodi ina kelele. Utapona vipi?"

Kitanda cha pili hakikuwa na mgonjwa. Jioni Elisaria alikuja na begi lake, akalala pale. Akalala kesho yake, na kesho kutwa, na kila usiku niliokuwa humo, usiku tisa. Asubuhi alioga, akaondoka, akarudi giza likiingia. Mtori sikuuona. Nilikula kilicholetwa na hospitali. Manesi waliingia wawili wawili, wamefunga vitambaa puani, wakaniwekea sahani kwenye kiti badala ya kunipa mkononi. Nilidhani ndivyo wanavyofanya kwa waliopasuliwa.

Siku ya sita ya chumba kile, Bwana Joshi alikuja kwa mkongojo. Hakuingia. Alisimama kwenye kizingiti, mkewe anamvuta shati kwa nyuma.

"Kijana," alisema, "nimemwambia mke wangu mimi ni mzee, nitakufa kwa mguu huu kabla ya kufa kwa chako. Kwa hiyo nimekuja kuuliza. Kweli una ugonjwa ule?"

"Ugonjwa upi?"

"Ule unaotoka kwenu. Kaka yako amemwambia mkuu wa manesi. Ndiyo maana hakuna anayelazwa kitanda hicho."

Nilimweleza kwamba nilipimwa damu nilipoingia nchini, kama wanafunzi wote wa Kiafrika walivyopimwa miaka ile, na karatasi yangu ilikuwa safi, na Elisaria alikuwepo siku nilipoichukua. Bwana Joshi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatazama lile begi chini ya kitanda cha pili, na taulo lililoanikwa dirishani.

"Kaka yako anakaa wapi?" aliuliza.

Nikamtajia mtaa.

"Una hakika bado anakaa huko?"

Hakuwa anakaa huko. Alikuwa amegombana na mwenye nyumba wiki moja kabla ya mimi kuugua. Alihitaji kitanda, na kitanda cha pili kingebaki wazi tu kama hakuna mgonjwa mwingine ambaye angekubali kulazwa na mimi. Basi alisema neno moja kwa nesi.

Nilimuuliza jioni ile. Hakukana. Alikaa kwenye kitanda chake, akavua viatu.

"Nilikuwa nataka upate utulivu," alisema.

"Ulisema nina ugonjwa ule."

"Nilisema huenda. Wewe unajua huna, mimi najua hunao. Manesi hawa utawaona wapi tena?"

Nilimwomba daktari mwenyewe anipime tena. Majibu yalikuja safi, na daktari, safari hii kwa Kiingereza, aliniambia mimi na Elisaria tukiwa pamoja. Niliruhusiwa siku ya pili yake. Bwana Joshi nilimkuta wodini, nikampa mkono, akaupokea mbele ya wote. Niliona jambo limekwisha. Nilikuwa mdogo na nilikuwa mbali, na Elisaria alikuwa mtu pekee niliyeweza kuzungumza naye Kichagga. Wiki mbili baadaye tulikuwa tunakula pamoja.

Nilirudi nyumbani baada ya miezi kumi na mmoja. Bibi yako alinipokea kwenye kona ya barabara, akalia, akanishika mabega lakini hakunikumbatia. Ndani alinipa chai kwa kikombe cha bati, cha bluu, ambacho kilikuwa kimetundikwa kwenye msumari wa peke yake mbali na vikombe vingine.

"Mama, hiki ni cha nani?"

"Chako."

"Tangu lini nina kikombe changu?"

"Kunywa chai, mwanangu, inapoa."

Jumapili walinifanyia mapokezi kwa baba mkubwa. Pombe ya mbege ilikuwa nyingi, na kata ilizunguka kama inavyozunguka, kila mtu anapiga funda na kumpa wa pili. Ilipofika kwa mtu wa kushoto kwangu, alinyoosha mkono mbele ya kifua changu akampa wa kulia. Yule wa kulia akaipokea. Mtu mmoja akasema kwa upole kabisa, "Mwacheni, amechoka na safari." Ikazunguka mara ya pili, ikanipita tena kwa njia ile ile. Hakuna aliyenitukana. Walikuwa wamekubaliana muda mrefu jinsi ya kuifanya, na waliifanya vizuri.

Mama yako ndiye aliyesema. Tulikuwa wachumba wakati huo. Alinisubiri nje ya kanisa, hakunisalimu.

"Umepimwa?" aliuliza.

Nilikuwa na karatasi mbili, ya kuingia nchini na ya hospitali. Alizisoma zote, akarudia ya pili, akazikunja.

"Basi," alisema. "Lakini kwetu wameshasema tusubiri, na sitaweza kubishana nao. Barua ilisomwa nyumba hadi nyumba."

"Barua gani?"

Hapo ndipo nilipopata habari kwamba Elisaria alikuwa ameandika kwao nikiwa kitandani. Nilikwenda kwa mama yake siku hiyo hiyo, nikapiga shikamoo, nikasema naomba kuiona. Aliitoa kwenye Biblia. Ilikuwa na kurasa mbili, sehemu kubwa ikiwa salamu. Habari yangu ilikuwa sentensi mbili: kwamba nimewekwa chumba cha peke yangu, manesi wanaingia wamejifunga nyuso, na hakuna anayethubutu kukaa na mimi isipokuwa yeye, na kwamba wamwombee, kwa sababu kuniuguza ni kazi nzito. Jina la ugonjwa hakuliandika. Aliyajua masikio ya watu wa kwao, kwamba yatalijaza yenyewe.

Ile ya kwanza, ya kumdanganya nesi ili apate mahali pa kulala, niliweza kuielewa. Hata hii ya kujisifu kwao nilijaribu. Lakini niliitazama tarehe ya barua, nikaihesabu. Siku tano baada ya kuiandika alisimama pembeni yangu na kusikia daktari akisema damu yangu ni safi. Baada ya hapo aliandika kwao karibu kila mwezi. Mama yake alinionyesha bahasha. Nilizisoma zote nikiwa nimesimama. Hakuna iliyosema kwamba ile ya kwanza haikuwa kweli. Gazeti la hovyo kabisa nililowahi kulifanyia kazi lilikuwa na nafasi ya masahihisho, ukurasa wa nne, chini. Yeye aliniacha miezi kumi na mmoja nikiwa mfu mbele ya watu wangu, tukila sahani moja, kwa sababu kusema kweli kungemtoa kwenye nafasi ya muuguzaji shujaa.

Ndoa yetu ilisubiri karibu mwaka. Bibi yako alikuwa anakichemsha kile kikombe peke yake mpaka mwaka huo ulipokwisha, kisha siku moja nilikikuta kimetundikwa pamoja na vingine.

Mama yake Elisaria aliona aibu. Alikuja na kaka yake Jumapili mchana, wameshika jani la isale, wakasimama mlangoni. Unajua maana yake. Mtu akija na isale humfungii mlango, na ukilipokea jambo limekufa. Nililipokea. Baba mkubwa aliuliza mbele ya wote, "Umepokea?" Nikasema nimepokea. "Basi. Atakayelifufua atakuwa analitafuta yeye." Elisaria alikuwa Pune. Hakushika lile jani, na mimi sikuuliza kwa nini kosa la mtu mzima limeombewa msamaha na mama yake.

Naliheshimu isale. Limezuia damu kumwagika kwenye mlima huu mara nyingi kuliko polisi. Nilimsamehe, na sina nia ya kumdai wala kumlaani. Kosa langu ni kwamba nililichukua kuwa kufuli la mdomo. Nilifanya kama vile kumsamehe mtu kunanilazimisha kumshuhudia kuwa mwema. Ukakua ukimwita baba mdogo. Alipokuja likizo na zile bangili za kioo ulimkimbilia, na mimi nilikuwa nimesimama pale pale.

Nilimuuliza mara moja tu, kwenye harusi Marangu, ukiwa na miaka sita hivi. Tulikuwa tumekaa nyuma ya turubai.

"Kwa nini hukuandika ile barua ya pili?"

Alifikiri kidogo. Naamini alifikiri kweli.

"Nilikuwa na mitihani," alisema. Kisha akaongeza, "Na wewe ulipona, si ndiyo? Ulioa. Sasa unataka nini?"

Nilinyanyuka nikaenda kuchukua soda.

Sasa nakuja kwenye lililo baya zaidi, na ni langu mwenyewe. Unajua kazi ya Elisaria ya siku hizi. Tangu watu wenye uwezo walipoanza kupeleka wagonjwa wao India, yeye ndiye anayewapokea, anawachagulia hospitali, anawachagulia chumba, anazungumza na madaktari kwa niaba yao. Mama Ndeonansia, yule aliyehamia Shirimatunda, alinijia ofisini mjini miaka miwili iliyopita. Mumewe alikuwa mgonjwa wa figo na Elisaria alikuwa ameahidi kuwapangia kila kitu.

"Wewe ni mwandishi, na umeishi kule," aliniambia. "Na mmekua pamoja. Nimwachie mume wangu?"

Nilikuwa na kila kitu alichohitaji kukijua. Nilikumbuka isale, na baba mkubwa, na jinsi ambavyo ningeonekana mtu wa kinyongo. Nikamjibu, "Ni mtu wa kwetu."

Alinishukuru. Mumewe alifia huko wiki ya tatu. Sina ushahidi kwamba hospitali ilikuwa mbaya, wala kwamba angepona mahali pengine, na sitaandika nisichokijua. Ninachokijua ni alichonisimulia mjane baada ya mazishi: mumewe alikuwa chumba cha peke yake ambamo hakuna aliyejua Kiswahili wala Kiingereza, Elisaria alikuwa na wagonjwa wengine mji mwingine, na siku nne mgonjwa mwenyewe alikuwa akiulizwa jambo na daktari na kujibu kwa kutikisa kichwa, bila kujua anakubali nini. Alinisimulia bila lawama. Hakujua kwamba ana sababu ya kunilaumu.

Kwa hiyo, Haika, leo mchana niliposikia makofi yale, nilikuwa nasikia sauti yangu mwenyewe ofisini. Mama yako alitumia maneno yangu yale yale.

Maagizo mengine nimemwachia mama yako, lakini hili la hospitali nina haki nalo. Nenda ukiwa mzima. Wiki ya kwanza, kabla hujaumwa hata kichwa, nenda kwenye hospitali mbili tatu ukae kwenye mapokezi saa moja, utazame. Ona kama mgonjwa anaambiwa yeye au anaambiwa aliyemleta. Uliza ni nani anayepasua na analala wapi. Mlango ukifungwa usoni kwako ukiwa mzima, ukiwa mgonjwa haufunguki. Waambie kwa maandishi kwamba majibu yako unasomewa wewe kwanza, kwa lugha unayoielewa, hata kama pembeni yuko askofu.

Na chumba, mimi ningechukua tena kile cha watu wengi, ingawa si kwa sababu ya mbao za babu yako mkubwa. Hayo ya chumba cha pembeni ni hofu zetu, na chumba cha peke yako kina faida zake ukiwa na mshono unaouma. Ningekichagua kwa ajili ya Bwana Joshi. Siku nilipotolewa wodini nilipoteza mtu asiyenijua, asiye na haja na kitanda changu, aliyekuwa ananiambia kilichosemwa. Nikabaki na mmoja tu wa kuniambia. Nimefanya kazi hii miaka mingi na bado sijui njia ya kumchunguza mtu ambaye ndiye chanzo pekee ulicho nacho. Tafuta wa pili. Akiwa mgeni, akiwa wa dini nyingine, akiwa mzee mwenye mguu unaonuka, mradi hana anachokitaka kwako.

Utauliza basi umwandike nani. Nimekwisha kuuliza. Jioni hii nilishuka mjini nikatuma faksi chuoni, kuuliza kama mama mlezi wa hosteli ya wasichana anaweza kuandikwa pale. Kuna mwanafunzi wa Kitanzania wa mwaka wa tatu ambaye aliniambia mwezi uliopita kwamba ndivyo yeye alivyofanya, na kwamba siku alipolazwa kwa malaria mama huyo alikuja na daftari akaandika kila dawa. Huyo ni chanzo kimoja. Jibu la faksi litakuwa cha pili. Cha tatu ni wewe: onana naye, zungumza naye, na kama hukumpenda uache mstari ule wazi mpaka umpate mwingine. Hakuna sheria inayosema lazima ujazwe siku ya kwanza. Nimeisoma fomu mpaka maandishi madogo. Penseli ya shangazi yako nimeifuta mwenyewe.

Huenda Elisaria amebadilika. Watu hubadilika, nimewahi kuandika habari zao. Ukikutana naye msalimie kwa heshima, muulize habari za watoto, kula kwake ukialikwa. Huna ugomvi naye na sikuachii wangu. Ila usiwe mikononi mwake siku ambayo huwezi kusema.

Bahasha hii nitaiweka juu ya nguo zako, si chini, ili uisome kabla ndege haijaondoka Nairobi. Yaliyobaki ni ya kwangu. Kesho saa moja asubuhi, kabla ya chai, nitawaeleza mama yako na shangazi yako haya yote. Baba mkubwa atasema nimelifufua, na atakuwa sahihi. Saa mbili nitampigia Elisaria simu, nimwambie asije uwanjani, na nimweleze sababu kwa sauti yangu. Gari la chuo, lile linalopokea wanafunzi wageni, litakuwa Bombay keshokutwa saa kumi na moja alfajiri, na dereva atakuwa na karatasi yenye jina lako. Jumapili, baada ya ibada ya kwanza, nakwenda Shirimatunda kwa Mama Ndeonansia, kumpa jibu la kweli la lile swali aliloniuliza ofisini.

Baba yako